Kisu cha mpishi, mkono wa askari: uchambuzi wa kisa cha New York

Oktoba 2013, naibu mpishi mkuu wa mgahawa mmoja alikuwa anarudi nyumbani kutoka kazini. Njia yake ilipita Grand Central, kituo kikubwa cha treni katikati ya Manhattan, na akateremka hadi kwenye jukwaa la treni za chini ya ardhi. Mfukoni alikuwa na kisu cha kukunja. Klipu yake ya chuma ilichungulia juu ya ukingo wa mfuko wa suruali, kama klipu ya kalamu inavyochungulia kwenye mfuko wa shati. Askari polisi aliiona, akamsimamisha, akakichukua kisu.

Kilichofuata ndicho kiini cha kisa chote. Askari alishika mpini na kuanza kukikung'uta kisu kwa nguvu ya kifundo cha mkono, vile mtu anavyokung'uta kipimajoto cha kioo ili zebaki ishuke. Bapa halikutoka. Akakung'uta tena, halikutoka. Mara ya nne au ya tano likachomoka, likasimama wima na kushikwa na kufuli yake. Basi mpishi yule akakamatwa kwa kumiliki silaha iliyopigwa marufuku.

Hakushtakiwa kwa kumtishia mtu wala kwa kukichomoa kisu hadharani. Kosa lilikuwa kuwa nacho tu. Mwishowe alikiri kosa dogo la kuvuruga utulivu, ambalo kwa sheria za jimbo la New York halihesabiki hata kuwa jinai, na kesi ikaisha. Wengi huishia hapo na kushukuru. Yeye alienda mahakama ya shirikisho kumshtaki mwendesha mashtaka mkuu wa Manhattan, kwa hoja moja iliyo rahisi kueleweka: nataka kuendelea kubeba kisu cha kazi, lakini sina namna ya kujua ni kisu gani kitanifunga na kipi hakitanifunga.

Nimeisoma kesi hii mara nyingi, na kila mara narudi kwenye zile mara nne au tano. Tukubaliane kwanza kwamba jamii ina haki ya kudhibiti visu mitaani. Naliamini hilo bila kusita, na nitalirudia huko mbele. Ninachokataa ni sheria ambayo raia mwema hawezi kuitii hata akitaka, kwa sababu kosa lake linakamilikia mkononi mwa yule anayemkamata.

Sheria yenyewe ilitoka mbali. Miaka ya 1950 Marekani ilishikwa na hofu ya magenge ya vijana, na hofu hiyo iliangukia kisu cha springi, kile ambacho ukibonyeza kitufe bapa linafyatuka lenyewe. New York ilikipiga marufuku mwaka 1954. Wenye nia mbaya wakahamia kisu kingine ambacho marufuku ile haikukigusa: kisu cha mvutano. Mwaka 1958 bunge la jimbo likaziba pengo hilo kwa kukipiga marufuku nacho.

Kisu cha mvutano halisi ni chombo cha aina yake. Kinachojulikana zaidi ni kile walichopewa wanajeshi wa miavuli wa Ujerumani katika Vita vya Pili vya Dunia. Askari aliyenasa kwenye kamba za mwavuli, mkono mmoja umebanwa, alihitaji kisu cha kufungua kwa mkono mmoja tu. Unakielekeza chini, unabonyeza wenzo, na bapa linateleza kutoka ndani ya mpini kwa uzito wake lenyewe, moja kwa moja kama droo inayofunguka. Unaachia wenzo, bapa linakazwa lisirudi ndani. Hakuna bawaba wala kukunja. Ukikiona kimoja huwezi kukichanganya na kisu cha kumenyea machungwa.

Kama wabunge wangeishia hapo, nisingekuwa na la kuandika. Lakini maneno ya sheria yalikwenda mbele zaidi. Yalisema kisu cha mvutano ni kisu chochote ambacho bapa lake hutoka kwenye mpini au ala kwa nguvu ya mvutano wa dunia, au kwa nguvu inayotokana na kukirusha kwa mzunguko, yaani kukikung'uta, na likishatoka linakazwa lisirudi na kitufe, springi, wenzo au kifaa kingine. Tazama hilo "au" la pili. Mwaka 1958 pengine lilionekana ni tahadhari ndogo tu, la kuwazuia wajanja wasipite pembeni. Miongo michache baadaye, visu vya kukunja vyenye kufuli vikawa ndivyo visu vya kawaida vya kazi, na neno lile fupi likavimeza karibu vyote.

Sababu ya kufuli ni usalama wa mtumiaji. Kisu cha kukunja kisicho na kufuli kinaweza kujikunja juu ya vidole vyako unapokata kitu kigumu, na kila aliyewahi kukata kamba nene anajua hofu hiyo. Kwa hiyo watengenezaji waliweka kibati ndani ya mpini kinachoshikilia kitako cha bapa likishafunguka. Wakaweka pia kitundu au kijiti cha kusukumia kwa dole gumba ili fundi aliye juu ya ngazi akifungue bila kuachia alichoshika. Na ili kisifunguke chenyewe mfukoni, wakaweka mkinzano unaolivuta bapa lirudi ndani. Kisu cha namna hiyo kimetengenezwa kibaki kimefungwa mpaka dole gumba liseme vingine. Bunge la Marekani lenyewe lilitambua tofauti hiyo: mwaka 2009 lilirekebisha sheria ya shirikisho ya visu vya springi, ambayo nayo ni ya 1958, ili visu vyenye mkinzano huo visihesabiwe kuwa ni visu vya springi. New York haikufuata.

Ninacho kisu cha aina hiyo, nakitumia kufungulia maboksi na kukatia kamba. Nilipokuwa nasoma kesi hii nilikikung'uta mara ishirini, mkono wa kulia, nikihesabu kwa sauti. Hakikufunguka hata mara moja. Rafiki yangu aliyezoea kazi za mkono alikichukua, akakunja kifundo cha mkono kwa namna ambayo mimi siwezi, na kikafunguka mara yake ya sita. Kisha nikachukua bisibisi ndogo, nikalegeza skrubu ya bawaba robo mzunguko, nikadondosha tone moja la mafuta. Sasa hata mimi nilikifungua, mara ya tatu. Kisu ni kile kile, mwenye kisu ni yule yule. Kwa sheria ya 1958, asubuhi mkononi mwangu kilikuwa halali, mkononi mwa rafiki yangu kikawa silaha ya marufuku, na jioni, baada ya robo mzunguko wa skrubu, kikawa marufuku mkononi mwangu pia. Nikumbushe kwamba skrubu hiyo hulegea yenyewe kwa matumizi. Fundi anayekitumia kisu chake kila siku kwa miezi minane anatembea kuelekea kwenye kosa bila kufanya lolote isipokuwa kazi yake.

Hivyo ndivyo jaribio la kukung'uta lilivyokuwa likifanya kazi, mtaani, kituo cha polisi, na mwishoni mbele ya mahakama. Sheria haikusema kukung'uta kufanywe mara ngapi, na nani, mwenye nguvu kiasi gani. Mara moja? Mara kumi? Mpaka kifunguke?

Uzito wa adhabu nao lazima uwekwe mezani. Kumiliki kisu cha mvutano lilikuwa kosa lenye kifungo cha hadi mwaka mmoja jela. Lakini kama mtu aliwahi kupatikana na hatia ya jinai yoyote huko nyuma, kisu kile kile kilipanda daraja na kuwa kosa kubwa lenye kifungo cha hadi miaka 7. Na sheria haikuuliza ulikuwa na kisu kwa ajili gani. Msamaha ulikuwepo kwa wachache, na mmoja wao unanisumbua: mwenye leseni halali ya kuwinda, kutega au kuvua samaki aliruhusiwa kubeba kisu hicho kwa ajili ya shughuli hiyo. Bunge basi lilijua vizuri kwamba mtu anaweza kuwa na sababu njema. Liliikumbuka sababu ya mwindaji, halikuikumbuka ya mpishi, fundi umeme, wala mpanga bidhaa ghalani.

Mahakama za jimbo zilijaribu kupunguza makali kidogo. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ya New York, iliyo ya juu kabisa katika jimbo, ilisema haitoshi hati ya mashtaka kudai tu kwamba kilichokutwa ni kisu cha mvutano. Lazima ieleze askari amejuaje. Mwaka 2011 ikaongeza kwamba askari hawezi kumsimamisha mtu kwa kuona kisu cha mfukoni tu, bali awe na sababu ya kushuku kwamba ni cha aina iliyokatazwa. Ni maamuzi mazuri. Lakini hayakugusa swali lenyewe, kwa sababu kisu kikishatoka mfukoni, mkono wa askari ndio ulioamua.

Swali lenyewe lilifika mwaka 2016. Dereva alisimamishwa barabarani, kisu kikaonekana, naye akaeleza kwamba ni cha kazi yake ya kuweka vigae. Mawakili wake wakasema: ili ahukumiwe, lazima ithibitike alijua kisu chake kinaweza kufunguka kwa kurushwa. Mahakama ya Rufani ikakataa. Ikasema upande wa mashtaka unatakiwa kuthibitisha kwamba mtu alijua ana kisu, basi. Kama alijua au hakujua kwamba kinakidhi tafsiri ya kisheria, hilo si sehemu ya kosa.

Nataka kuitendea haki mahakama hiyo, kwa sababu hoja yake si ya kipuuzi. Kama kila mshtakiwa angeweza kusema "sikujua kinafunguka hivyo" na kuachiwa, hakuna ambaye angehukumiwa, akiwemo yule aliyekaa usiku kucha akikilegeza kisu chake kwa makusudi. Sheria za silaha hatari za New York hufanya hivyo hata kwa bunduki: ukibeba bunduki, kusema hukujua kwamba ina risasi ndani hakukuokoi. Lakini bunduki inajitangaza. Mtu yeyote akiishika anajua ameshika kitu ambacho dola lazima itakuwa na la kusema juu yake. Kisu cha kukunja kilichonunuliwa dukani mchana kweupe, kikiwa kimening'inia karibu na nyundo na futi za kupimia, hakijitangazi kwa lolote. Kinasema tu kwamba ni kifaa. Kanuni inayofaa bunduki, ukiihamishia kwenye kifaa cha kazi, inamgeuza mtu asiye na nia yoyote kuwa mhalifu.

Na kweli vilikuwa vikiuzwa madukani. Mwaka 2010 ofisi ya mwendesha mashtaka wa Manhattan iliwaandama wauzaji, wakiwemo wenye maduka makubwa ya vifaa vya ujenzi na ya michezo. Wauzaji wakakubali kulipa fedha, kukabidhi visu na kuacha kuviuza, kwa makubaliano yaliyowaepusha na mashtaka. Sina kinyongo na makubaliano hayo. Ila mtu aliyelipa kaunta na kupewa risiti hakuwa na meza ya kukalia na kuafikiana. Yeye alifungwa pingu. Kama kampuni zenye mawakili zilishindwa kutambua kwamba zinauza silaha ya marufuku, ni kwa msingi gani tunamdai mnunuzi atambue?

Nani hasa alifungwa pingu? Mwaka 2014 gazeti la Village Voice la New York lilikadiria kwamba katika muda wa miaka 10 kulikuwa na mashtaka yapatayo 60,000 ya visu hivyo. Legal Aid Society, shirika linalowatetea wasioweza kulipa wakili, lilipochambua majalada ya wateja wake lilikuta zaidi ya asilimia 80 ni watu weusi au wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Hizi zilikuwa zama za kusimamisha na kupekua. Mwaka 2011 pekee polisi wa jiji walisimamisha watu zaidi ya mara 685,000, na karibu mara 9 kati ya 10 aliyesimamishwa aliachiwa bila kukamatwa wala kupewa hati ya wito. Agosti 2013, miezi miwili tu kabla ya mpishi wetu kukamatwa, jaji wa shirikisho aliamua kwamba namna polisi walivyokuwa wakitekeleza zoezi hilo ilikiuka katiba.

Hapa ndipo utata wa sheria na ubaguzi wa utekelezaji vinaposhikana mikono. Kisu cha kukunja kilikuwa mfukoni mwa seremala wa kila rangi, mwa mpanda milima, mwa baba anayefungua zawadi za watoto. Sheria iliwafanya wote wahalifu watarajiwa, kisha ikamwachia askari achague nani wa kukung'utiwa. Na askari huchagua pale alipopangiwa kusimama, kwa yule ambaye jicho lake limefundishwa kumtilia shaka. Klipu ya chuma kwenye suruali ya mtu mmoja ni klipu tu. Kwenye suruali ya mwingine ni sababu ya kumsukuma ukutani. Mahakama Kuu ya Marekani ilishasema mwaka 1983 kwamba ubaya mkubwa wa sheria isiyoeleweka ni kuwaachia wasimamizi wake wafuate matakwa yao. Wengine hudhani utata ni shida ya mawakili, mambo ya nukta na mkato. Ni shida ya kijana anayetoka kazini saa tano usiku.

Sasa nitimize ahadi yangu ya kuwasikiliza wanaoitetea sheria, maana wana la kusema. Polisi wa New York walipinga marekebisho kwa miaka. Hoja yao ilikuwa kwamba kisu kinachofunguka haraka kwa mkono mmoja, ndani ya behewa lililojaa watu, kinampunguzia kila mtu muda wa kukimbia. Makosa ya kumiliki yapo kwa sababu hiyo hiyo, kwamba dola isingoje damu imwagike. Jeraha moja la kisu kwenye mshipa mkubwa wa paja linaweza kuua kabla gari la wagonjwa halijafika. Mtu anayesema "muadhibu akichoma, si akibeba" hajawahi kuzungumza na mama aliyezika mwana. Nakubali kila neno la hoja hiyo.

Lakini ichunguze inavyogusa kisu chenyewe. Kisu cha jikoni hakihitaji kufunguliwa hata kidogo. Kimefunguka tangu kiwandani. Uingereza, inayoweka takwimu za mauaji ya visu kwa makini, kisu cha jikoni ndicho kinachotajwa mara nyingi zaidi katika mauaji hayo pale aina ya kisu inapojulikana. Kwa hiyo umbo la bawaba si kipimo kizuri cha hatari. Na New York haikuwa mikono mitupu: sheria hiyo hiyo ya jinai, katika kifungu kinachofuatia, inakataza kumiliki kisu chochote cha hatari kwa nia ya kukitumia dhidi ya mtu mwingine kinyume cha sheria. Nia hiyo huthibitishwa kwa maneno, kwa mazingira, kwa namna kisu kilivyoshikwa. Ni kazi ngumu kidogo kuliko kukung'uta, na huo ugumu ndio ulinzi wa asiye na hatia.

Uingereza ilichukua njia nyingine, na inafaa kuitazama kwa ufupi. Sheria yake ya 1988 inakataza kubeba mahali pa umma kitu chochote chenye makali au ncha, isipokuwa kisu kidogo cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Zaidi ya hapo, lazima uwe na sababu ya msingi, na sheria inataja kazi, dini na mavazi ya asili ya taifa. Ni kali kuliko ya New York kwa upana wake. Inamtwisha mbebaji mzigo wa kuthibitisha sababu yake, jambo ambalo silipendi. Mahakama zake pia zimesema kisu chenye kufuli hakihesabiki kuwa cha kukunja, kwa hiyo fundi mwenye kisu kidogo chenye kufuli naye lazima awe na maelezo. Hata hivyo mtu anaweza kuitii. Anachukua rula, anapima, anaangalia kama kuna kufuli, anajiuliza anaenda wapi na kwa nini. Anajibu maswali hayo sebuleni kwake kabla hajafungua mlango.

Ndiyo maana naiona kesi ya mpishi kuwa ni ya haki kabla ya kuwa ya visu. Mwaka 2018 mahakama ya rufani ya shirikisho ilikuwa imeikataa kesi nyingine iliyoishambulia sheria ya 1958 kwa ujumla wake, ikiona kwamba walalamikaji hawakuonyesha sheria haieleweki katika kila hali. Mpishi hakuhitaji kila hali. Alihitaji yake tu. Machi 2019, Jaji Paul Crotty wa mahakama ya shirikisho ya Manhattan aliamua kwamba, jinsi ilivyotumika kwake, sheria ilikuwa na utata unaokiuka katiba. Kama askari mwenyewe alihitaji kukung'uta mara kadhaa, mtu wa kawaida angejuaje akiwa nyumbani kwamba kisu chake ni cha marufuku? Akijaribu mara tatu kikakataa, je, yuko salama? Akijaribu mara tatu, aliyemsubiri jukwaani angejaribu mara nne.

Bunge la jimbo lilikuwa limekwisha kuchoka kungoja. Lilipitisha marekebisho mara mbili, na mara mbili, mwishoni mwa 2016 na tena 2017, Gavana Andrew Cuomo aliyapiga kura ya turufu. Safari ya tatu, uamuzi wa Jaji Crotty ukiwa tayari mezani, aliukubali muswada. Aliutia saini tarehe 30 Mei 2019. Kisu cha mvutano kikatoka kwenye orodha ya vitu ambavyo kuwa navyo tu ni kosa. Kisu cha springi kikabaki humo, na sina ugomvi na hilo, kwa sababu kitufe unakiona.

Kufutwa huko hakukumaanisha kila mtu atembee na kisu apendavyo. Jiji la New York lina kanuni yake inayokataza kubeba hadharani kisu chenye bapa la inchi 4 au zaidi, na inayokataza kisu kuonekana nje ya nguo mahali pa umma bila sababu halali. Kwenye treni za chini ya ardhi kanuni za usafiri ni kali zaidi. Kwa hiyo klipu iliyochungulia Oktoba 2013 ingeweza kumletea mpishi yule matatizo hata leo, kwenye jukwaa lile lile. Tofauti ni kwamba leo anaweza kukiweka kisu chake juu ya meza, kukipima kwa rula, kusoma kanuni, kukizamisha ndani ya begi au kukiacha kazini.

Wapo waliobaki nyuma. Kufuta kosa hakufuti kwenyewe hukumu zilizokwisha kutolewa. Fundi aliyekiri mwaka 2009 ili alale kwake usiku ule bado anayo rekodi, na anapojaza fomu ya kazi yenye swali la kama amewahi kupatikana na hatia ya kumiliki silaha, kisanduku kile hakina nafasi ya kueleza kwamba silaha yenyewe ilikuwa kisu cha kukatia zulia, na kwamba kilifunguka mara ya tano.